Detekta ya kwanza Mwanza: utafute wapi, umwombe nani ruhusa na ununue mashine gani

Swali la detekta, ile mashine ya mkononi inayolia ikipita juu ya metali iliyofukiwa, nimeliona, naliweka hapa kwa kifupi maana wapo wengine wameniuliza hilohilo: "Kaka shikamoo. Nipo Buhongwa, nimekusanya kama laki nane nataka ninunue detekta nianze kutafuta pete, hela za zamani na dhahabu kama ipo. Naogopa kukamatwa. Ni wapi hapa Mwanza naruhusiwa bila leseni? Alafu babu yetu kule Magu anasema kuna kilima Mjerumani aliacha mali, tuanzie huko?"

Marahaba mdogo wangu. Nikupe jibu fupi kwanza. Anza kwenye ufukwe wenye mwenyewe anayejulikana au kwenye shamba la familia mbali na makaburi, tafuta vitu vilivyopotea miaka ya karibuni, na uwe na karatasi ya ruhusa mfukoni. Dhahabu usiiguse mpaka uwe na leseni au uwe na mtu mwenye leseni. Kilima cha babu kiache kwanza, nitakifikia.

Watu wanauliza kama detekta inaruhusiwa kana kwamba kosa linakaa kwenye mashine. Anayekuja kukusimamisha, awe polisi, mgambo au mwenyekiti wa mtaa, anataka kujua unatafuta nini na umesimama kwenye ardhi ya nani, basi. Na udongo wa kanda yetu hii una vitu vya aina tatu ambavyo kila kimoja kina mwenyewe wake, kuna madini, kuna vitu vya kale, na kuna vitu vya watu vilivyodondoka. Mashine haijui tofauti, yenyewe inalia tu, kazi ya kujua ni yako.

Tuanze na dhahabu maana ndo inayoharibia vijana wengi. Sheria ya Madini ya 2010 iko wazi kwamba madini yote ni mali ya umma na Rais ndo amekabidhiwa ayasimamie kwa niaba ya wananchi, kwahiyo hata kama shamba ni la baba yako na hati anayo, dhahabu iliyo chini yake sio ya baba yako. Na sio kuchimba tu, hata kule kutafuta kwenyewe kunataka leseni. Kwa mtu wa kawaida kama wewe njia ni mbili, uombe leseni ndogo ya uchimbaji, ile watu wanaita PML, ambayo ni ya Watanzania tu na inakaa miaka 7 alafu unaihuisha, au ukubaliane na mtu ambaye leseni anayo tayari. Hao vijana unaowaona Nyarugusu, Rwamgasa au Ishokelahela wanatembea na mashine kwenye maotea, yaani dhahabu iliyo juujuu ya ardhi, wale wanaofanya vizuri wako ndani ya leseni ya mtu na kuna mgao umekubaliwa. Yaandikwe hayo makubaliano, nani anapata asilimia ngapi, eneo linaanzia wapi linaishia wapi, nani anapeleka mzigo sokoni, maana mkiwa mmepata gramu mbili wote ni ndugu, mkipata kipande cha kujaza kiganja ndo utajua ndugu ni nani. Mzigo wenyewe unauzwa soko la madini, haya masoko yalianza 2019 na la kwanza lilikuwa Geita, usiuze kwa jamaa aliyekuja na kimzani cha mfukoni usiku. Ofisi ya Afisa Madini Mkazi ipo hapahapa Mwanza, nenda na kodineti za eneo unalolitaka wakuangalizie kwenye mfumo wao kama tayari lina leseni ya mtu. Maeneo mengi ya Misungwi, Geita na Kwimba ambayo wewe unaona ni pori tupu, kwenye ramani yao yamejaa viboksi vya leseni za watu.

Kwahiyo kama unaanza na huna mtu, dhahabu ya ardhini iweke pembeni. Dhahabu ya kwenye pete iliyopotea ni habari nyingine, nakuja nayo.

Sasa vitu vya kale. Sheria ya Mambo ya Kale ni ya 1964, ikarekebishwa 1979, na ina tarehe ambazo zikariri kabisa. Kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 kinalindwa. Jengo, handaki, tuta, michoro ya mwambani, kama ni ya kabla ya 1886 nayo inalindwa. Kuna kundi lingine la vitu kama milango na fremu za kuchongwa za kabla ya 1940, ila hivyo detekta haitakuonyesha. Kuchimba kutafuta hivyo vitu bila kibali ni kosa, na ukikutana nacho bila kukusudia unatakiwa uache ulipokikuta na utoe taarifa, anzia kwa mtendaji wako, hapo inafika kwa mkuu wa wilaya mpaka kwa watu wa malikale wa Wizara ya Maliasili na Utalii.

Kwenye kanda ya ziwa hili sio la kinadharia. Watu wa huku wamefua chuma miaka na miaka, kule Katuruka upande wa Bukoba wataalamu wamekuta tanuri za zamani sana, na upande wetu wa Sengerema na Geita kulikuwa na Warongo ambao kazi yao ilikuwa hiyo. Sasa wewe utakuwa unatembea kwenye shamba la mihogo, mashine inaanza kulia kila hatua, sauti nzito ya chuma iliyokwaruza, unafukua unakuta donge jeusi zito lina vitundu kama sponji, na pembeni vigae vya chungu vyenye mistari. Hayo madonge ni mavi ya chuma. Hapo umesimama kwenye karakana ya watu waliokufa zamani. Fukia kama ulivyokuta, piga picha, chukua kodineti kwenye simu, ondoka, katoe taarifa. Hakuna mtu atakununulia mavi ya chuma hata kwa jero, lakini kwa mtu wa malikale yakiwa hapohapo yalipolala yanamweleza mengi, ukiyahamisha tu umeshamharibia.

Maeneo mengine usiyaombee hata ruhusa. Kageye kule Magu ambako Stanley, yule mpelelezi wa Kizungu, alipiga kambi 1875 na ambako kuna historia ya biashara ya watumwa. Makumbusho ya Bujora. Hifadhi ya Kisiwa cha Saanane na Rubondo, huko ni TANAPA na hawana utani. Majengo na vilima vya boma la Mjerumani hapa mjini. Makaburi yoyote yale. Na ufukwe wowote ambao mabaki ya meli ya MV Bukoba iliyozama 1996 au kivuko cha MV Nyerere kilichozama 2018 yalifika, sitaki hata kusikia mtu anaenda na mashine huko, kuna familia hazikupata cha kuzika.

Haya, kilima cha babu. Kila wilaya ya kanda hii ina mlima wa mali ya Mjerumani, na kila mlima una jiwe lenye alama ya mshale au msalaba. Alama nyingi ni za wapima ardhi, nyingine ni za wachimba mawe, nyingine ni mwamba wenyewe umepasuka tu, si unaijua mawe ya Mwanza yalivyo. Hebu fikiria hali yenyewe. Waingereza wameingia Mwanza Julai 1916, Wajerumani wanarudi nyuma kuelekea Tabora. Tabora kwenyewe mwaka huohuo walikuwa wanagonga sarafu kwenye karakana ya reli kwa sababu meli za kutoka kwao hazifiki, wakagonga za shaba na za shaba nyeupe za heller 5 na 20, shaba nyingine ikitoka kwenye maganda ya mizinga. Wakagonga na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, dhahabu ikitoka mgodi wa Sekenke kule Iramba, na zilitoka zaidi kidogo ya 16,000 tu, zikalipwa zikatawanyika. Septemba Wabelgiji wakachukua Tabora. Sasa serikali inayoyeyusha maganda ya mizinga ipate chenji ya sokoni, hayo masanduku ya dhahabu ya kufukia Magu yametoka wapi? Mi siamini, na babu asinichukie.

Kinachopatikana kweli ni sarafu mojamoja iliyomtoka mtu mfukoni njiani au sokoni, heller, rupia ya fedha, pesa za kampuni ya Wajerumani za kuanzia 1890. Kwa tarehe haziingii kwenye ile ya 1863, lakini waziri anayo mamlaka ya kutangaza vitu vingine kulindwa, kwahiyo ukipata za zamani uliza kabla hujauza. Na hapo kwenye rupia kaa macho. Wako matapeli wanazunguka na hadithi ya rupia inayovuta punje za mchele, wanasema mzungu anainunua kwa mamilioni, wanataka tu utangulize hela ya kipimo. Hakuna rupia inayovuta mchele. Watu wameuza ng'ombe kwa ajili ya huo ujinga.

Sasa pa kwenda. Mi kwa mtu anayeanza napenda fukwe za starehe, kule Luchelele, Bwiru, Igombe na kuendelea, sehemu ambazo Jumapili watu wanajaa wanaogelea, wanacheza mpira wa mchangani, wanalewa. Mchanga ni laini kuchimba, haumuharibii mtu mazao, na vitu vinavyopotea vina thamani. Pete inatoka kidoleni majini kirahisi, mtu kapaka mafuta, kashika sabuni, kaingia ziwani, anakuja kushtuka jioni. Wenye hizo beach wengi ukienda kistaarabu wanakubali, hasa ukiwaambia utawasafishia misumari na vyuma vinavyokata miguu ya wateja, na kwamba pete au saa ikipatikana itakaa mapokezi kwanza mwenyewe atafutwe. Hilo la mwisho liseme mwenyewe kabla hajakuuliza. Dada mmoja wa mapokezi alikuwa na daftari la wageni walioacha namba za simu kwa sababu ya vitu walivyopoteza, kuna pete, cheni, ufunguo wa gari, nilipoonyeshwa lile daftari ndo nikajua pa kuanzia kuzungusha sahani, lile duara la chini ya mashine, karibu na nguzo za bembea na pale watu wanapoweka nguo kabla ya kuingia majini.

Kuna kitu kinawachanganya watu hapa, zile mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Basi mtu anasema kama hakuna mwenye haki ya kujenga hapo, ni pa wote, ngoja nichimbe. Hapana bana. Ile ni kulinda ukingo, sio kukugawia wewe. Chimba vishimo vidogo, fukia, na usiwe mtu wa kukata matete wala kubomoa kingo.

Mialo ya wavuvi nayo ni sehemu nzuri ila ina wenyewe, usipite moja kwa moja na mashine begani. Mtafute mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi, ukae naye umweleze, akikukubali anakutangazia kwa wenzake na hapo unatembea kwa amani. Usiende wakati dagaa wameanikwa mchangani, utakanyaga mali ya akina mama na siku yako itaishia hapo. Nenda kwenye mbalamwezi, dagaa wanavuliwa giza kwahiyo mbalamwezi ikiwa kali boti nyingi zinapumzika na mchanga unakuwa wazi. Jiandae tu, mwalo ni jalala la chuma, utatoa misumari ya mitumbwi, risasi za nyavu, vizibo, betri, vipande vya karabai za enzi zile, mpaka uchoke. Lakini katikati ya hayo kuna hela, kwa sababu pale ndipo hela ilipokuwa inabadilishana mikono, miaka yote.

Viwanja vya mpira vya mitaa na shule, muulize mwalimu mkuu au serikali ya mtaa, nenda kiangazi ambapo nyasi zimekufa tayari, usichimbe katikati ya goli. Uwanja wa Nyamagana sahau, una nyasi bandia. Viwanja vya wazi kama Furahisha ni vya manispaa, barua inaenda kule. Kijijini, shamba lina mwenyewe na juu yake kuna halmashauri ya kijiji, ongea na wote wawili. Sehemu zilizokuwa minada na magulio zamani, ambazo sasa ni mashamba, hizo ni tamu sana, na wazee ndo wanazijua, hapo babu yako ndo atakusaidia kweli, muulize gulio la enzi zao lilikuwa chini ya mti gani.

Barua yenyewe isikutishe. Mi huwa naandika hivi: "Mimi fulani, mkazi wa mtaa fulani, naomba ruhusa ya kutafuta vitu vya chuma vilivyopotea kwenye eneo lako la fulani, kwa kifaa cha mkononi, tarehe fulani mpaka fulani, mchana tu. Sitatafuta madini wala vitu vya kale. Nitafukia kila shimo. Kitu chenye thamani nitakionyesha kwako kabla ya kuondoka nacho na mgawo wetu ni huu." Chini sahihi yako, sahihi yake, namba za simu, na kama ni kijijini muhuri wa mtendaji. Ipige picha alafu ile yenyewe itembee nayo kwenye plastiki. Wakija watu kukuzunguka, na watakuja, unawapa wasome wakati wewe unavua hedifoni unasalimia.

Na mchana maana yake mchana. Ng'wanawane, kanda hii mtu anayechimba usiku karibu na kijiji hachukuliwi kama mtafuta pete, anachukuliwa mfukua makaburi, itapigwa mwano, yaani yowe la kuitana, na sungusungu wakifika hakuna atakayetaka kusoma barua.

Mashine. Kwa laki nane usitamani GPX, ile ya Minelab ya kutafutia dhahabu, wala mashine yoyote ya PI, yaani za mapigo ya umeme, mpya zinakula mamilioni na kwa pete za ufukweni hazikusaidii sana kwa sababu nyingi haziwezi kukutenganishia msumari na pete vizuri. Nguvu yake ni kwenye udongo mwekundu wenye chuma kingi kama wa Geita, ambako mashine za kawaida zinapiga kelele. Wewe chukua ya VLF, ndo hizo za kawaida, ya kuanzia, ziko za Garrett, Minelab, Nokta, ambazo mpya inaweza kupungua bei ya bodaboda mpya kwa mbali. Angalia vitu viwili, iwe na kubalansi udongo, yaani uweze kuizoesha udongo wa hapo isilie ovyo, na kama utaingia maji ya magoti basi mashine yote iwe ya kuzama, sio sahani peke yake. Sahani karibu zote zinaingia majini, boksi la juu ndo linakufa likilowa. Bahati yetu ni kwamba ziwa letu ni maji baridi, wenzetu wa Dar na Tanga chumvi ya bahari inazisumbua sana hizi mashine, sisi haituhusu. Kinachotusumbua ni ile mistari ya mchanga mweusi ufukweni, ina chuma asilia, ukifika hapo punguza sensitiviti na ubalansi upya.

Feki ni nyingi. Minelab wenyewe wameshaonya kuhusu mashine zao kughushiwa, na zile za dhahabu ndo zinaigwa zaidi. Ukiona GPX mpya inauzwa bei ya simu, ujue. Na kuna zile za antena mbili au fimbo zinazojigeuza zenyewe, muuzaji anasema inaona dhahabu umbali wa kilomita na kina cha mita 30. Hizo hazifanyi kazi kabisa, ni mkono wako unaoinama. Mashine ya VLF nzuri inaona sarafu kwenye kina cha sentimita 20 mpaka 30 hali ikiwa nzuri, kitu kikubwa kama ndoo unaweza kufika mita moja na zaidi kidogo. Anayekuahidi mita kumi kwa sarafu anataka hela yako.

Ikifika usikimbilie ufukweni. Nyumbani zika vitu unavyovijua, senti hamsini ya sungura kama mama anayo kwenye kopo, pete, kizibo, msumari uliopinda, kipande cha foili ya sigara, kila kimoja kina cha vidole viwili, vitatu, kiganja. Pitisha sahani taratibu, ikae sawasawa na ardhi karibu inagusa, isipande mwisho wa mzunguko, na kila mzunguko ulalie nusu ya uliopita. Utajifunza kitu ambacho kitakutesa kila siku, kwamba pete ya dhahabu na kile kifunguo cha kopo la bia au foili vinatoa namba zilezile. Ukiamua kuzima aluminiamu ili upumzike, umezima na pete za dhahabu. Ufukweni chimba vyote, hakuna ujanja mwingine.

Jingine ambalo video za Wazungu hazitakuambia kwa sababu hela zao sio zetu. Chukua sumaku ya spika iliyokufa uijaribu kwenye chenji yako, mia inanasa, mia tano inanasa, hizo ndani ni chuma kilichopakwa juu. Kwahiyo ukiweka mashine isilie kwenye chuma, unaziruka sarafu zetu nyingi za sasa, au zinalia kwa kuruka ruka kama kizibo. Za zamani ndo zinalia safi, shilingi ya mwenge ya 1966, ishirini ya mbuni, na zile senti kumi zenye tundu za Afrika Mashariki ambazo bibi zetu walizitungia kamba.

Vifaa vingine ni vidogo. Pinpointa, kile kifimbo cha kuonyesha kitu kilipo ndani ya shimo, hata ya bei rahisi, hedifoni ili watu wasikusanyike kila ikilia, na chujio la mchanga lenye mpini, hilo usiagize, nenda Sido Nyakato fundi akutobolee bati nene akuchomelee bomba, atakufanyia kwa hela ndogo na litakuwa gumu kuliko la dukani. Simu iweke begi la mgongoni, ukiishika kwenye mkono ulioshika mashine, mashine itakuwa inalia yenyewe. Gambuti iwe isiyo na chuma mbele. Chini ya nyaya kubwa za TANESCO usipoteze muda, umeme wake unaifanya mashine ilie ovyo.

Ziwa lenyewe liheshimu. Ngazi ya maji hupanda zaidi baada ya masika, karibu Mei na Juni, na hushuka kuelekea Septemba na Oktoba, hapo mwisho wa kiangazi ndo mchanga uliokuwa chini ya maji unatoka. Maji yalipanda sana 2020 na tena 2024, fukwe nyingi za zamani bado ziko chini, kwahiyo mzee akikuonyesha watu walipokuwa wanakaa, mara nyingi anakuonyesha ziwani. Ukiingia, usisimame kwenye maji yaliyotulia yenye majani, huko ndo kichocho kinakaa, mchana wa jua kali ndo mbaya zaidi, na ukiona umeshinda humo sana nenda zahanati kapime, dawa ipo. Upande wa Buchosa na visiwani mamba na viboko ni wa kweli, uliza wenyeji kabla hujavua viatu.

Na ukikuta kitu kama risasi kubwa, kichwa cha mzinga, bomu la mkono, usikigonge kujua kama ni shaba. Hapa palipiganwa 1916, na upande wa Kagera 1978 na 1979, hata Mwanza yenyewe 1979 ndege ya Libya ilikuja kupiga mji ikakosa, mabomu yakaangukia Saanane yakaua swala. Weka alama, rudi nyuma, piga polisi.

Hela yako igawe hivi, mashine isizidi laki sita na nusu ikiwa na kodi yake, inayobaki ni pinpointa, chujio, hedifoni na nauli za kwenda kuomba ruhusa, maana hizo safari za kuomba ndo zitakuwa nyingi mwanzoni kuliko za kutafuta. Kama utanunua mtumba kwa mtu, kutaneni mchana sehemu yenye watu, beba sarafu na msumari wako ujaribu mbele yake, na kabla hujatoa hela nitumie picha ya namba ya mashine, ya sahani kwa chini na ya kiunganishi cha waya, hapo kwenye kiunganishi ndo feki nyingi zinajisema.